Kruzi na zile restoranti za kulipia: piga hesabu hivi kabla hujatoa dola

Shemeji yangu wa Jinja kanitumia voisi ya dakika sita. Yeye na mumewe wamepata kruzi, yaani safari ya starehe ya meli kubwa, ya wiki moja kutoka Dubai, wameshalipa tiketi, wameshalipa ndege, sasa kampuni ya meli inawatumia imeili kila baada ya siku mbili, ongeza steki, ongeza sushi, chukua pakeji ya milo mitatu, na anauliza, "Shem, chakula si tulishalipia? Hii nyingine ni ya nini tena?" Nikaona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike tu hapa, maana hilo swali naulizwa na kila mtu Kampala akishasikia nimepanda zile meli mara mbili, na mara ya kwanza nililiwa pesa kizembe kabisa, ntawaeleza huko chini.

Kwa wasiopenda kusoma marefu: kama ni safari ya wiki, lipia mlo mmoja, ukizidi sana miwili. Kama ni ile ya siku tatu nne, acha. Wengine twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua kwanza nini tayari ni chako

Watu wengi kwetu meli tunayoijua ni MV Kalangala, unapanda Nakiwogo unashuka Lutoboka, ukisikia njaa unanunua. Kwa hiyo mtu akiambiwa "chakula ni bure melini" haamini, anadhani ni chai na mkate. Hapana bwana. Kwenye meli za kawaida kama za MSC, Royal Caribbean, Carnival, Norwegian na Princess, bei ya tiketi imebeba bufee inayofunguliwa karibu siku nzima, imebeba daining kubwa ambako unakaa mezani unahudumiwa na weita, kianzio, chakula chenyewe na kitindamlo, kila jioni menyu inabadilika, na mara nyingi kuna na piza au baga pembeni ya bwawa. Soda, bia na waini ndio hazimo, isipokuwa umenunua pakeji ya vinywaji.

Halafu kuna kitu wageni hatujui. Kwenye ile daining kubwa ukitaka vianzio viwili unapewa viwili. Ukitaka samaki na kuku vyote pia unapewa, na hakuna anayekukodolea macho. Carnival wao wameweka dola 5 kuanzia sahani kuu ya tatu, lakini tuwe wakweli, ya tatu unaipeleka wapi? Na menyu nyingi zina sehemu ya vitu ambavyo vipo kila siku, steki ya kawaida, kuku, samaki wa salmoni, kwa hiyo hata siku ambayo menyu haieleweki hulali njaa.

Kwa hiyo ukienda kulipia restoranti nyingine, ule mlo wako wa daining hurudishiwi pesa yake. Umelipa mara mbili kwa tumbo moja. Hiyo iweke kichwani kwanza.

Kabla hujaenda mbali, cheki pia meli yako ni ya aina gani. Virgin Voyages, Oceania na Viking restoranti zao karibu zote zimo ndani ya tiketi, ila tiketi zenyewe ndio bei yake inakutoa jasho. Kama uko huko, mwongozo huu haukuhusu, wewe kula tu.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa shilingi, na uipige yote

Tangazo litakwambia dola 50. Hiyo 50 siyo utakayolipa. Juu yake kuna savisi chaji, ile ada ya huduma, Royal Caribbean wanaweka asilimia 18, Norwegian asilimia 20, na inaingia yenyewe. Mko wawili: 100, ongeza 18, inakuwa 118. Mimi nahesabu dola moja kwa shilingi 3,600 hivi, we angalia reti ya siku yako, lakini kwa hiyo reti ni shilingi 424,800 kwa jioni moja, na hujagusa glasi ya waini. Kwetu hiyo unanunua mbuzi mzima na chenji inabaki.

Linganisha kwa njia nyingine. Tuseme tiketi ilikuwa dola 700 kwa mtu kwa siku saba, yaani 100 kwa siku, na hiyo 100 imelipia kitanda, milo yote, shoo za jukwaani na usafiri wenyewe. Sasa mlo mmoja unakula dola 59 kwa mtu. Zaidi ya nusu ya siku nzima! Mi nilipoiona hivyo ndio nikaacha kusema "ah ni dola hamsini tu."

Bei zenyewe zinatofautiana sana. Stekihausi, yaani restoranti za steki, nyingi zinacheza kati ya 40 na 70, zile za kupikiwa mbele yako ziko hapohapo, na ile meza maalum ya mpishi mkuu inaweza kufika mia na kuipita. Angalia pia unalipaje, maana kuna mbili. Kuna bei moja ya kuingia halafu unachagua kwenye menyu, na kuna ile ya kila sahani na bei yake. Sushi mara nyingi ni hiyo ya pili na ndio mtego, vipande vinne, vipande vinne, mtu hajashiba na bili inazidi ya stekihausi. Na hata kwenye ile ya bei moja unakuta vitu kadhaa vina nyota pembeni, kambakoche au ile steki kubwa ya mfupa, hivyo vina nyongeza yake. Soma menyu mpaka chini kabisa.

Meli inafanya hivi kwa sababu tiketi zinauzwa bei ya chini ili vyumba vijae, faida wanaitafuta mkishapanda, kwenye baa, kasino, safari za nchi kavu na hizi restoranti. Sio wizi, ni biashara, ila ndio ujue yule kijana anayekutabasamia siku ya kwanza na tableti mkononi yuko kazini.

Hatua ya 3: Jiulize hiki chakula Kampala kipo?

Hapa ndipo mi naona watu wa kwetu tunakosea, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma mtandaoni umeandikwa na Wamarekani, na Mmarekani na mtu wa Wandegeya pale Kampala hawakosi vitu vilevile.

Chukua restoranti ya Kihindi. Meli nyingine zinayo na wanailipisha. Ndugu yangu, sisi Wahindi tumeishi nao tangu enzi za reli, wakafukuzwa 1972, wengi wakarudi miaka ya tisini, na Kampala leo unakula biriani ambayo hakuna meli itaifikia. Usitoe dola huko. Kiitaliano? Tambi nzuri zipo daining kubwa bure karibu kila jioni, na piza ipo juu bure, sasa unalipia nini, kitambaa cha meza?

Stekihausi ndio swali gumu, na nitasema ukweli hata kama wanaume watanuna. Kinachouzwa pale ni nyama ya ng'ombe ya daraja la juu, nene, laini, na ule ulaini unauonja vizuri nyama ikiwa bado ina wekundu ndani. Sisi tumezoea muchomo, nyama choma yetu, iive mpaka ijulikane imeiva. Mume wa shemeji huyu simtaji jina lakini namjua, yeye akiona damu kwenye sahani anarudisha. Sasa ukilipa dola 59 halafu ukasema "ichome kabisa," umechukua kile ulicholipia ukakiweka motoni. Kuku wa kuchoma wa pale Namawojjolo barabarani, anayemnunua dirishani mwa gari akienda Jinja, atampa raha zaidi. Lakini kama unaipenda nyama ya wekundu, hapo stekihausi ni tofauti kweli na ile steki ya daining, na sababu yake inaeleweka: daining kubwa wanapika kwa watu mia kadhaa wanaokaa kwa wakati mmoja, sahani zinatoka kwa mafungu, wakati kule kwa kulipia meza ni chache na nyama inawekwa motoni wewe ukishaagiza. Inafika ikiwa ya moto. Kitu kidogo hicho lakini unakisikia mdomoni.

Kwangu mimi kitu kilichostahili pesa ni teppanyaki, ile ya Kijapani, mnakaa kuzunguka bamba la moto na mpishi anapika mbele yenu, anarusha mayai, anapanga vitunguu kama mlima anauwasha moto, watu wanapiga makofi. Chakula chenyewe ni wali wa kukaanga, kuku, kamba na mboga, siwezi kusema nilikufa kwa utamu, lakini ni shoo na chakula kwa bei moja, na huwa mnakaa na watu msiowajua kwa hiyo mnacheka pamoja. Kampala siyo kitu unachokutana nacho kila kona. Kama unataka meza ya wawili ya mapenzi na mshumaa, basi hiyo siyo yako, nenda stekihausi au ile ya Kifaransa.

Na ndio, wengine hawanunui chakula, wananunua utulivu. Daining kubwa ina kelele, weita anakimbia, mnaweza kupangwa na wageni meza moja. Kule kwa kulipia mnakaa saa mbili mnaongea, hakuna anayewafukuza. Kama ni anivasari au mmetoka kulipa skul fizi za watoto mwaka mzima bila kukaa hata siku moja mkaangaliana, hiyo sababu mi naikubali kuliko ya nyama.

Hatua ya 4: Chagua siku. Hapa ndio nilipigwa

Mara ya kwanza tulipanda Dubai, tumechoka na ndege ya usiku kutoka Entebbe, mizigo haijafika chumbani, tukaenda bufee. Mlangoni kuna kimeza na kijana mpole, "sir, madam, special price today only," mke wangu akaniangalia, nikatoa kadi ya chumba. Akatuandikia stekihausi usiku wa pili. Hatukuuliza usiku wa pili kuna nini.

Usiku wa pili ulikuwa usiku wa kuvaa rasmi. Tukala steki yetu, ilikuwa nzuri, hatukulalamika. Kesho yake tunarudi meza yetu ya kawaida, tulipangwa na mzee mmoja na mkewe kutoka Nakuru, mama anatuuliza, "Mlikuwa wapi nyinyi jana? Tumekula kambakoche, mzee huyu kaagiza mara mbili!" Bure. Kwenye daining ambayo tumeshailipia. Sisi tulikuwa juu huko tunalipa.

Kwa hiyo: meli nyingi za wiki moja zina usiku rasmi mmoja au miwili, na mmojawapo daining kubwa wanatoa kitu kizito, mara nyingi kambakoche. Siku hiyo usiiache meza yako kwa pesa yoyote. Siku ya kwanza ukishapanda fungua apu ya meli, au nenda dawati la wageni, au muulize weita wako moja kwa moja, "usiku rasmi ni lini na mnatoa nini?" Wao wanajua na hawafichi.

Usiku wa mwisho pia kataa, mizigo mikubwa inatakiwa iwe nje ya mlango wa chumba kabla hujalala, utakula huku unafikiria zipu. Usiku wa kwanza kweli unaweza kupata punguzo kwa sababu restoranti ziko tupu, lakini kwa mtu aliyetoka Entebbe usiku utasinzia kwenye supu. Mi napenda siku ya katikati. Tumbo limeshazoea meli, kama ni mtu wa kichefuchefu umeshajijua, na bufee imeanza kukuchosha. Kwa wanaopanda Durban kwenda Pomene na Portuguese Island kule Msumbiji hilo la kichefuchefu mlichukulie kwa uzito, bahari ya kule siyo ziwa letu, subirini mjione kwanza.

Halafu kuna lanchi. Meli nyingine siku ambazo hakuna bandari zinafungua stekihausi mchana, na bei inashuka sana, wakati menyu inafanana fanana na ya jioni. Hii ndio siri ninayoipenda. Unakula mchana, jioni unaenda daining yako, hujapoteza kitu. Kwa shemeji ningemwambia aanze kutafuta hapa.

Na angalia ratiba ya shoo. Mlo unaochukua saa mbili ukianza saa mbili usiku, shoo ya saa tatu imekupita, na shoo nayo umeilipia.

Hatua ya 5: Kubuki

Ukibuki kabla ya safari kwenye tovuti yao mara nyingi ni nafuu kuliko kubuki ndani, na bei inapanda inashuka, kwa hiyo ukishabuki endelea kuchungulia, ukikuta imeshuka futa ubuki upya kabla hujapanda. Pakeji za milo mitatu au ile ya "bila kikomo" zina punguzo kwa kila mlo, lakini rudi hatua ya 1, kila mlo wa kulipia unaua mlo wa bure. Pakeji inamfaa mtu ambaye hataki kabisa kuiona daining kubwa, na huyo mi sijakutana naye. Ukinunua pakeji kumbuka pia saa nzuri zinaisha mapema, utaambiwa zimebaki saa kumi na moja jioni au saa nne kasoro usiku.

Pesa sasa. Melini unatumia kadi ya chumba, bili inajikusanya, mwisho inakatwa kwenye kadi ya benki uliyosajili. Mobaili mani haifanyi kazi huko, msiniulize. Kama una kadi ya debiti ya benki zetu jua kwamba meli inaweza kushikilia kiasi fulani kila siku kama dhamana, na ile pesa inaweza kuchelewa kuachiwa siku kadhaa, kwa hiyo usiweke pesa ya teksi ya kurudia kwenye kadi hiyohiyo. Wengine tunaacha dola taslimu dawati la wageni na tunakula mpaka zinapoishia. Simu iweke flaiti modi, kwa sababu rominga ya baharini itakula kuliko stekihausi, ila apu ya meli yenyewe mara nyingi inafunguka kwa waifai ya ndani bila kununua bando.

Kufuta: uliza sheria ya meli yako, nyingi wanataka saa 24 kabla. Usipotokea wanakukata.

Hatua ya 6: Vitu vidogo

Halali. Usidhani. Waislamu wenzangu, andikeni imeili wiki kadhaa kabla ya safari, sio siku ya kupanda, na muulize nyama, sio tu "hamna nguruwe?" Daining kubwa wamezoea maombi ya namna hii, weita anakuletea menyu ya kesho usiku wa leo unachagua, kwa hiyo mara nyingi huko uko salama zaidi kuliko restoranti ya kulipia yenye menyu fupi. Kama jibu halieleweki, samaki wapo.

Watoto wanalipa kidogo au hawalipi kabisa, inategemea umri na meli, lakini mtoto wa miaka mitano kukaa saa mbili mezani ni adhabu yake na yako. Kuna klabu ya watoto jioni, wapeleke. Disney pale Palo, restoranti yao ya kulipia, hawaruhusu hata kidogo aliye chini ya miaka 18.

Nguo: hakuna kaptura, hakuna sapatu, hakuna kofia. Mke wangu alivaa gomesi, lile gauni letu la Uganda, usiku rasmi, mimi kanzu na koti, tulipigwa picha mpaka na wapishi.

Hatua ya 7: Ukishakaa mezani

Agiza bila aibu. Kama umelipa bei moja, mara nyingi kianzio cha pili unapewa kama kule daining kubwa, ila muulize weita kwanza. Maji ya bomba ya meli yanakunywika na mara nyingi ni bure, sema wazi unataka hayo, vinginevyo utafunguliwa chupa, na kuna meli za Ulaya hata daining kubwa chupa wanalipisha.

Nyama ikija sivyo, sema papo hapo. Sisi tuna tabia ya kumaliza sahani kimya halafu kulalamika kwenye grupu la WhatsApp. Pale ukisema inabadilishwa dakika kumi, na mimi nimeshaona jirani akiondolewa bili nzima baada ya kusubiri saa nzima.

Risiti ikija utaona savisi chaji imeshawekwa, halafu chini kuna mstari mtupu umeandikwa tipu ya ziada. Huo siyo lazima. Piga mstari, weka sahihi. Usiku mmoja kabla ya kushuka fungua bili yako yote kwenye apu, au omba ichapishwe, uipitie, kwa sababu kosa ukiliona ukiwa ndani linarekebishwa dawatini, ukiliona uko Entebbe ni imeili za miezi miwili.

Shemeji kasoma nusu ya haya kabla sijamaliza kuandika, kanijibu kwamba amebuki teppanyaki siku ya nne, watu wawili, na ameuliza kabisa, usiku rasmi ni siku ya tano. Mumewe amesema aende peke yake, yeye ameona picha za bufee.